Januari imeenda wapi? Jinsi cat inavyounganisha na kuonyesha mafaili

Shemeji yangu ana duka la pembejeo Makambako. Mauzo yake anayaandika kwenye laptopu ya zamani niliyomwekea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, baada ya Windows kuilemea, faili moja la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) kwa kila mwezi: januari.csv, februari.csv, hivyo hivyo hadi Desemba. Mwaka ulipoisha alitaka faili moja la mwaka mzima. Nikamwelekeza kwa simu, huku nikiwahi daladala, kwamba kazi hiyo ni ya sekunde mbili: fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika cat, taja mafaili yako kwa mpangilio, weka alama ya >, halafu faili la kupokea. Nikakata simu nikijiona fundi.

Jioni ukaingia ujumbe: "Shemeji, nimeunganisha. Ila Januari imeenda wapi?"

Alikuwa ameanza na miezi mitatu tu ili ajaribu kwanza, jambo la busara kabisa, na alichoandika ni hiki:

`cat januari.csv februari.csv machi.csv > januari.csv`

Aliwaza kama mtu anayemimina. Chukua Januari, mwagia Februari juu yake, kisha Machi, vyote vibaki ndani ya chombo kile kile cha Januari. Sioni kosa katika wazo hilo. Na kompyuta nayo haikulalamika hata kidogo: faili la januari.csv lilikuwepo, lilikuwa na uzito, ila ndani mlikuwa na Februari na Machi peke yake.

Kumjibu ilibidi nirudi nyuma nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe nilikitumia miaka kadhaa bila kukielewa vizuri.

Amri isiyojua kitu

Tuanze na jina, maana halihusiani na paka. Ni kifupi cha neno la Kiingereza concatenate, yaani kuambatanisha kimoja nyuma ya kingine, na mzizi wake ni catena, neno la Kilatini la mnyororo. Amri yenyewe ni kongwe. Imo katika kitabu cha kwanza kabisa cha maelekezo ya Unix, mfumo ambao Linux inafuata nyayo zake, cha Novemba 1971, siku ambazo Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa Bell Labs, Marekani. Leo iko kwenye kila kompyuta ya Linux, kila Mac, na kwenye simu yoyote ya Android iliyowekwa Termux, programu inayoipa simu teminali. Nawajua vijana walioizoea cat kwenye Termux, kwa kidole gumba, kabla hawajawahi kumiliki kompyuta.

Kazi yake unaweza kuieleza kwa pumzi moja. Inafungua faili la kwanza ulilolitaja, inasoma baiti zake (vipande vidogo vya data; herufi ya kawaida ni baiti moja) kuanzia mwanzo hadi mwisho, inazitoa kama zilivyo. Ikimaliza, inafungua la pili. Haiongezi kitu, haipunguzi kitu, haiweki alama yoyote kuonyesha kwamba hapa faili moja limeisha na jingine limeanza. Baiti zote zinatokea mlango mmoja, uitwao towe sanifu, na mlango huo kwa kawaida umeelekezwa kwenye skrini yako.

Ndiyo maana watu hudhani ina kazi mbili. Ukiipa faili moja unasema "imeonyesha"; ukiipa matatu unasema "imeunganisha". Kwa cat hiyo ni kazi ile ile.

Usipoitajia faili lolote, inasubiri uandike kwenye kibodi. Hapo ndipo wageni wengi hubabaika: wameandika cat, wakabonyeza Enter, kimya. Kishale kinapepesa tu. Haijaganda, inakusikiliza. Kila mstari utakaouandika itaurudisha kama mwangwi, mpaka ubonyeze Ctrl+D kwenye mstari mtupu kuiambia kwamba umemaliza. Watu hutumia tabia hiyo kuandika noti fupi bila kufungua programu ya kuhariria:

`cat > deni.txt`

Andika madeni yako, Ctrl+D, basi. Na kama unataka kibodi iingie katikati ya mafaili mengine, kistari kimoja kinasimama mahali pake: `cat kichwa.txt - sahihi.txt` itatoa kichwa cha barua, kisha utakachoandika, kisha sahihi.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba cat haijui mstari ni nini. Haijui mwezi ni nini, haijui jedwali, haijui hata kwamba inaandika ndani ya faili. Inajua baiti zinazoingia na mlango wa kutokea. Karibu kila balaa linalowapata watu nayo linatokana na kuidhania ina akili zaidi ya hapo.

Sheli hufika kabla ya cat

Programu inayopokea unachoandika kwenye teminali inaitwa sheli (si ile ya kujazia mafuta), na kwenye Linux nyingi sheli hiyo ni Bash. Ukibonyeza Enter, sheli inausoma mstari wako mzima kabla ya kuita amri yoyote kazini. Ikikutana na alama ya > inajua hiyo ni kazi yake yenyewe. Inalifungua faili lililo mbele ya alama ili liandikwe, na kulifungua kwa namna hiyo maana yake ni kulikausha kwanza, libaki na baiti sifuri. Ikishamaliza, ndipo inaiamsha cat na kuikabidhi orodha ya majina. Sehemu ya "> januari.csv" cat haiioni kabisa.

Sasa rudi Makambako. Shemeji amebonyeza Enter. Sheli imeikausha januari.csv. Mauzo ya mwezi mzima yameshaondoka, na cat bado haijaamka. Inaamka, inafungua januari.csv, inakuta hamna kitu. Faili tupu si kosa, kwa hiyo inasonga mbele bila kusema neno. Inasoma Februari, inaitoa. Inasoma Machi, inaitoa. Mlango wa kutokea umeelekezwa kwenye januari.csv. Kila mmoja ametimiza wajibu wake kwa uaminifu.

Kuna jambo dogo linalochekesha hapa. Kama angeweka Machi kuwa faili la kupokea badala ya Januari, yaani

`cat januari.csv februari.csv machi.csv > machi.csv`

angepata onyo. Cat inayokuja na Linux nyingi, ile ya mradi wa GNU, ingemwandikia `cat: machi.csv: input file is output file`, yaani faili unalolisoma ndilo unaloliandikia. Machi ingekuwa imekufa vile vile, ila angalau angejua. Kwa nini kelele huku na kimya kule? Kwa sababu kinga hiyo haikuwekwa kulinda data yako. Iliwekwa kuzuia mzunguko usioisha: cat ikisoma faili ambalo yenyewe inaliongezea kitu, haiwezi kuufikia mwisho, kila ikikaribia mwisho unasogea, mpaka diski ijae. Ikifika Machi, faili lina Januari na Februari zilizokwisha kuandikwa humo, hatari ipo, inakataa. Lakini ilipofungua Januari hapakuwa na cha kusoma, hatari haikuwepo, ikapita.

Onyo la mtego huu si jipya. Kitabu cha Unix toleo la 7, cha 1979, tayari kilitahadharisha kwamba cat a b > a na cat a b > b huharibu mafaili kabla hayajasomwa. Na mtego si wa cat peke yake. `sort januari.csv > januari.csv` inakuachia faili tupu kwa sababu hiyo hiyo, maana anayefuta ni sheli.

Tiba iko rahisi. Faili la kupokea liwe na jina jipya ambalo halimo kwenye orodha ya kusomwa:

`cat januari.csv februari.csv machi.csv > robo1.csv`

Au kama kweli unataka kuongezea kwenye Januari, tumia alama mbili, ambazo huandika mwishoni bila kufuta, na usiitaje Januari upande wa kusomwa:

`cat februari.csv machi.csv >> januari.csv`

Mimi baada ya kisa hiki niliweka `set -o noclobber` kwenye faili la mipangilio ya Bash katika laptopu ya shemeji. Tangu hapo sheli inakataa kufuta faili lililopo kwa alama ya >. Ukitaka kwa makusudi, unaandika >| na unajua unachofanya. Kwenye kompyuta yangu sijaiweka. Ni kiburi tu.

Miezi kwa alfabeti

Shemeji hakutaka kuandika majina kumi na mawili. Nikamwambia kuna nyota: `cat *.csv > mwaka.csv`. Tena nikasahau kufikiri.

Nyota nayo ni kazi ya sheli. Sheli inaigeuza kuwa orodha ya majina yote yanayoishia na .csv, na inayapanga kwa alfabeti. Kwa miezi yetu mpangilio huo unakuwa: agosti, aprili, desemba, februari, januari, julai, juni, machi, mei, novemba, oktoba, septemba. Mwaka unaanza Agosti na kuisha Septemba, na Julai inaitangulia Juni. Ukitumia namba tupu si afadhali sana: 1, 10, 11, 12, 2, 3. Ndiyo sababu watu waliowahi kuumia huyaita mafaili yao 01-januari.csv, 02-februari.csv, hadi 12-desemba.csv. Ile sifuri ya mbele si urembo.

Kabla ya kuunganisha chochote kwa nyota, andika kwanza `echo *.csv` uone sheli itakachokabidhi. Ni sekunde moja. Utaona pia kitu kingine: ukirudia amri mara ya pili, mwaka.csv yenyewe imeshakuwa miongoni mwa mafaili yanayoishia na .csv, na inataka kujiunganisha na nafsi yake. Cat ya GNU itagoma kwa ujumbe ule ule wa juu na kuliruka, lakini usiutegemee ugomvi huo. Andika nyota iliyo finyu zaidi. Kama majina yameanza kwa namba, `[01]*.csv` inachukua yanayoanza na 0 au 1 tu, na mwaka.csv inabaki nje.

Kinachoonekana ni mstari, kilichopo ni baiti

Hapa ndipo pana utamu. Tuseme majina yamepangwa, faili la kupokea ni jipya, amri imepita. Shemeji anafungua mwaka.csv na kati ya Januari na Februari anakuta hii:

`2024-01-31,UREA,2,150000tarehe,bidhaa,idadi,kiasi`

Mauzo ya mwisho ya Januari yamegandana na kichwa cha jedwali la Februari. Yaani kuna makosa mawili kwenye mstari mmoja.

La kwanza: mstari, kwa kompyuta, hauishi kwa sababu macho yako yameona pameisha. Unaisha kwa alama maalumu isiyoonekana, baiti moja, inayosema "shuka chini". Programu nyingi huiweka hata mwishoni mwa mstari wa mwisho. Nyingine zinaona haya, zinaiacha. Faili la namna hiyo likisomwa peke yake huoni tofauti, isipokuwa ukilionyesha kwa cat alama ya teminali inagandana na neno la mwisho badala ya kushuka mstari mpya. Ukiona hivyo, jua faili hilo halijafungwa vizuri. Na cat, isiyojua mstari, haiwezi kukufungia.

La pili ni kichwa cha jedwali. Kila faili lilianza na "tarehe,bidhaa,idadi,kiasi". Ukiunganisha kumi na mawili, kichwa kinajitokeza mara kumi na mbili, kumi na moja kati yake zikiwa katikati ya data.

Kuona yale yasiyoonekana kuna swichi moja ninayoipenda kuliko nyingine zote:

`cat -A februari.csv`

Inaweka $ mahali kila mstari unapoishia, ^I mahali palipobonyezwa kitufe cha Tab, na alama za ajabu ajabu pale penye baiti zisizo za kawaida. (Kwenye Mac hiyo A haipo, andika `cat -et`.) Faili la Februari la shemeji, ambalo mwanawe alilichapa kwenye kompyuta ya Windows, lilionekana hivi:

`2024-02-03,DAP,4,380000^M$`

Hiyo ^M ni masalia. Windows huumaliza mstari kwa baiti mbili, Linux kwa moja, kwa hiyo Linux inaiona ya ziada kama sehemu ya data. Kwa macho ni 380000. Kwa kompyuta ni 380000 yenye mkia, na hesabu zinaweza kugoma. Faili jingine lilianza na `M-oM-;M-?` mbele ya neno tarehe. Hizo ni baiti 3 ambazo Excel huziweka mwanzoni ukihifadhi kama CSV ya UTF-8 (namna mojawapo ya kugeuza herufi kuwa baiti), kama muhuri. Kwa hiyo safu ya kwanza haiitwi tena "tarehe", inaitwa muhuri-na-tarehe, na programu inayotafuta "tarehe" itaapa kwamba haipo.

Lakini kilichonipendeza kuliko vyote kilikuwa hiki. Shemeji alilalamika kwamba akitafuta dawa ya ng'ombe anapata nusu ya mauzo. Tukaweka cat -A. Mistari mingine ilisomeka ng'ombe, mingine `ngM-bM-^@M-^Yombe`. Ile koma ya juu iliyochapwa kwenye kompyuta ni baiti moja iliyonyooka. Iliyochapwa kwenye simu ilikuwa imepindishwa kiotomatiki kuwa ile nzuri yenye mkunjo, na hiyo ni baiti 3 tofauti kabisa. Kwa msomaji ni ng'ombe mmoja, kwa kompyuta ni wanyama wawili. Lugha yetu ina ng' kila mahali, kwa hiyo anayetunza data ya Kiswahili atakutana na hili mapema tu. Dawa yake ni kuzigeuza zote kuwa moja:

`sed "s/’/'/g" mwaka.csv > mwaka-safi.csv`

Na kwa yale matatizo mengine, ukweli ni kwamba cat si chombo chake. Hapa niliiweka pembeni nikachukua awk, ambayo inaujua mstari:

`awk 'NR==1 || FNR>1' [01]*.csv | tr -d '\r' > mwaka.csv`

Isome hivi. NR ni namba ya mstari tangu kazi ianze. FNR ni namba ya mstari ndani ya faili la sasa. Toa mstari kama ndio wa kwanza kabisa, au kama si wa kwanza katika faili lake. Kwa hiyo kichwa cha jedwali kinabaki kimoja, vingine kumi na kimoja vinaachwa. Awk pia huumaliza kila mstari inaoutoa, hata kama faili lilikuwa halijaumaliza, kwa hiyo kugandana kumekwisha. Alama ya | ni bomba: kinachotoka kwenye amri ya kushoto kinaingia kwenye amri ya kulia. Ile tr ya mwisho inafagia mikia ya Windows. Ule muhuri wa Excel nao, ukiwa kwenye faili la pili na kuendelea, unaondoka pamoja na kichwa chake.

Ujinga huo huo ukigeuka kuwa faida

Usije ukaidharau cat kwa hayo. Kutojua kwake mistari ndiko kunakoifanya iunganishe vitu ambavyo si maandishi.

Flashi nyingi zinazouzwa huku kwetu zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo hauwezi kubeba faili moja la GB 4 au zaidi, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64. Una video ya harusi ya GB 7 na unataka kumpelekea ndugu. Ikate:

`split -b 2G harusi.mp4 kipande_`

Utapata kipande_aa, kipande_ab, kipande_ac na kipande_ad. Hivyo vinaingia kwenye flashi bila ubishi. Akifika navyo:

`cat kipande_* > harusi.mp4`

Alfabeti ambayo iliharibu miezi hapa inafanya kazi sawasawa, kwa sababu split iliyaita mafaili kwa kuijali. Na kwa kuwa cat haitii hata baiti moja katikati, video inarudi kama ilivyokuwa. Kuhakikisha, endesha `sha256sum harusi.mp4` kwenye kompyuta zote mbili. Ile namba ndefu ikifanana, ni faili lile lile.

Mafaili yaliyobanwa kwa gzip nayo yanakubali: ukiyaunganisha kwa cat kisha ukayafungua, unapata maandishi yote kwa mfuatano. Lakini usijaribu kwa hati za Word. Hati ya Word ni kifurushi chenye orodha ya vilivyomo mwishoni, na ukiambatanisha viwili, programu itachanganyikiwa au itaona cha mwisho tu. PDF hivyo hivyo. Baiti zimeungana, hati hazijaungana.

Kuangalia tu

Kwa kuonyesha, cat ni ya mafaili mafupi. `cat /etc/os-release` inakuambia uko kwenye Linux ipi. `cat /proc/meminfo` inakupa hali ya kumbukumbu ya mashine, na hilo halipo hata kwenye diski, linatungwa pale pale unapolisoma. Swichi ya -n inaweka namba kwa kila mstari, -b inaweka namba pia ila haiihesabu mistari mitupu, -s inaibana mistari mitupu iliyofuatana ibaki mmoja. Faili refu litapita mbele ya macho yako kama basi la mkoani; tumia less, ambayo inakusubiri.

Ukikosea ukaifungua picha kwa cat, skrini itajaa takataka, na wakati mwingine hata baadaye herufi unazoandika zitaonekana kama hirizi. Hujaharibu kitu. Baadhi ya baiti zile teminali ilizielewa kama maagizo ikabadili hali yake. Andika `reset`, hata kama huoni unachoandika, kisha Enter.

Jambo hilo lina upande mbaya. Kwa kuwa cat hupitisha kila kitu, mtu anaweza kuficha ndani ya faili maagizo ya kuifanya teminali ifute mstari fulani machoni pako. Ukipewa skripti, yaani faili la amri, na mtu usiyemjua ukaikagua kwa cat tupu, unaweza kuona kitu tofauti na kitakachotekelezwa. Ikague kwa less au kwa cat -A.

Wapo wasiozipenda hizo swichi. Mwaka 1983 Rob Pike wa Bell Labs alizungumza kwenye mkutano wa watu wa Unix akiishutumu hasa -v, mama wa -A: kazi ya cat ni kuunganisha, alishikilia, na kuonyesha herufi zisizoonekana kungepewa programu yake yenyewe. Kinadharia namkubali. Ila kila nikipokea faili la mtu, mkono unakwenda kwenye -A bila kuniuliza.

Upo na ugomvi mwingine wa zamani, wa matumizi ya cat yasiyo na haja, ambao ulifikia watu kupeana tuzo za kejeli mtandaoni. Ni pale unapoandika `cat mwaka.csv | grep DAP` wakati `grep DAP mwaka.csv` ingetosha (grep hutoa mistari yenye neno unalolitafuta). Mimi sioni dhambi kubwa. Kuanza na cat kunasomeka kushoto kwenda kulia, chanzo kwanza, kazi baadaye. Ila kuna mahali inagharimu kweli. `tail kumbukumbu.log` kwenye faili kubwa inaruka moja kwa moja hadi mwishoni na kusoma kipande kidogo. `cat kumbukumbu.log | tail` inalazimisha faili lote lipite kwenye bomba, baiti baada ya baiti, ili mwisho upewe mistari kumi.

Kwa aliye kwenye Windows, amri ya kuonyesha ni `type`, na ya kuunganisha ni `copy /b a.csv+b.csv yote.csv`. Usiiache ile /b, la sivyo itakutilia baiti ya ziada mwishoni. PowerShell, sheli ya Windows, ina jina la cat pia, ila ni lakabu ya amri nyingine inayojua mistari, na PowerShell ya zamani iliyokuja na Windows 10, ukitumia > huandika kwa UTF-16, faili linakuwa karibu mara mbili ya ukubwa na programu nyingine zinalikataa.

Januari ya shemeji ilipatikana kwenye WhatsApp. Alikuwa amemtumia mtunza hesabu wake faili hilo mapema Februari, nalo bado lilikuwepo kwenye mazungumzo yao. Tukalirudisha, tukayapa mafaili majina ya namba, tukaendesha ile awk. Kisha nikamwambia ahakiki kwa `wc -l`, amri ya kuhesabu mistari: jumla ya mafaili yote kumi na mawili, toa vichwa kumi na kimoja, ndiyo iwe idadi ya mwaka.csv.

Haikulingana. Mwaka.csv ilikuwa na mistari 3 zaidi.

"Shemeji, sasa tumeuza kuliko tulivyouza?"

Ilinichukua dakika chache. wc -l haihesabu mistari, inahesabu zile alama za kushuka chini. Mafaili matatu, Januari likiwemo, yalikosa alama ya mwisho, kwa hiyo kila moja lilihesabiwa pungufu ya mstari mmoja. Awk ilipoyapitia iliyawekea yote. Tukalifungua kila moja kwa cat -A, na kweli, mistari ya mwisho ya matatu hayo haikuwa na $.

Akaridhika. Halafu akauliza, na akitaka mauzo ya DAP peke yake aandike nini?

`grep ,DAP, mwaka.csv`, nikamjibu. Bila cat.